Niliikausha chumvi ya Bwana Mawe kama tunavyokausha ya Ivuna, ikagoma kuyeyuka

Wakuu, habari za humu. Wadogo zangu, marahaba, na kwa umri wangu nadhani wadogo zangu humu ni karibu wote.

Siku hizi nasoma nyuzi nyingi kuhusu madini adimu, yale wanayosema yamo kwenye simu na magari ya umeme. Watu wanayazungumza kana kwamba yamegunduliwa juzi.

Mimi niliyashika kwa mikono yangu enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Na niliyaharibu kwa mikono hiyo hiyo.

Habari yenyewe ni ya chumvi, lakini naahidi sitaiongeza chumvi. Palipo na aibu yangu nitaiacha ilipo.

Mimi ni mtu wa Ivuna, kule Momba. Ukoo wetu ni wa akina Simwinga, na kwetu Wanyamwanga mwanamke wa ukoo huo huitwa Namwinga. Ndivyo watakavyoniita wote ndani ya kisa hiki.

Mama yangu alikuwa mpika chumvi. Kiangazi wanawake walikwangua udongo wa chumvi, wakautia kwenye chungu chenye matundu kilichotandikwa nyasi, wakamwagia maji. Maji yaliyodondoka chini yalichemshwa hadi ikabaki chumvi.

Sasa shikeni jambo hili moja, ndilo lililoniponza.

Chumvi ya kuchemsha hivyo mara nyingine hulia. Ukiiacha usiku mmoja wakati wa mawingu, asubuhi unaikuta imelowa, inadondosha matone. Ni kwa sababu ndani yake mna chumvi nyingine chungu inayovuta maji kutoka hewani. Dawa yake kwetu kila mtoto aliijua: irudishe motoni, ikaange taratibu mpaka iache kulia.

Basi.

Nilimaliza darasa la nane kwa wamisionari nikiwa na miaka kumi na tisa hivi, maana tulianza shule tukiwa wakubwa. Wakati huo kulikuwa na kambi ya wapima mawe kwenye kilima kimoja upande wa Mbangala, na walitafuta mtu wa kuosha vyombo vya kioo na kuandika vibandiko vya chupa. Wanaume watatu waliotangulia walivunja vioo. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye vyungu vya mama, sikuvunja.

Mkuu wa hema la maabara alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole, tuliyemwita Bwana Mawe. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kimenyooka kama rula.

Baba alinikubalia nikae kambini hadi mvua za kupandia tu. Nyumbani kulikuwa na watu waliokwishaleta jembe la posa, na mimi sikuwa na haraka na jembe hilo. Nilitaka chuo cha ualimu. Bwana Mawe aliahidi kuniandikia barua ya kunipeleka chuoni kazi yake ikiisha vizuri. Baba naye alisema, "Ikija barua ya chuo, jembe nitalirudisha mwenyewe. Isipokuja, usinisumbue."

Kwa hiyo wakuu, mnaona. Barua ile ndiyo iliyokuwa maisha yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi.

Mawe ya kilima kile yalikuwa na madini ya seri, lanthani na ndugu zao. Huitwa adimu, lakini uadimu wao si wa kukosekana. Shida ni kwamba wanafanana mno tabia, ukimvuta mmoja wanakuja wote, kama watoto wa shule wanaoitwa kupokea pipi. Bwana Mawe hakuhangaika kuwatenganisha. Alitaka kuwapata wote pamoja kama chuma kimoja, kipande tu, cha kuwaonyesha wakubwa waliokuwa wanakuja Jumamosi. Chuma hicho ukikikwangua hutoa cheche. Vile vijiwe vya kwenye viberiti vya petroli ni vya jamii hiyo.

Sasa jiwe haligeuki chuma kwa kuombwa. Tulilisaga, tukalichoma, tukaliloweka kwenye asidi, tukachuja, tukaosha, tukachuja tena. Miezi miwili. Mwisho tukapata kloridi, yaani madini yale yameungana na klorini, na klorini ndiyo ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Ilikuwa nzuri. Chembe zake zilikuwa na rangi ya waridi hafifu, na zilijaza kikombe kimoja cha chai.

Nikamuuliza, "Bwana, hii inaitwaje kwa Kiswahili?"

Akafikiri. "Hii ni chumvi, Namwinga. Chumvi ni ukoo mkubwa. Ile ya mama yako na hii ni ndugu."

Nikaandika kwenye kibandiko: CHUMVI. Nilimwamini mno, hilo ndilo kosa langu la kwanza.

(Nikiri pia kwamba niliionja, nikiwa binti wa mpika chumvi. Ilikuwa tamu kama sukari mwanzoni, kisha ulimi ukakaza kama nimetafuna ndizi mbichi. Mnaosoma sayansi msionje kitu maabara. Mimi nilibahatika.)

Bwana Mawe alinieleza kinachofuata. Chumvi ile ina maji ndani ya chembe zake. Yaondolewe yote, ibaki kavu kabisa. Kisha iyeyushwe kwa moto mkali bila maji, ipitishwe umeme wa betri za lori, na chuma kitajikusanya chini. Lakini kuiondolea maji kulihitaji kitu kimoja alichokiagiza Dar es Salaam mara mbili, na hakikuja. Jina lake lilikuwa refu, la Kiingereza, na mimi sikulitilia maanani.

Mvua zikaanza kunukia. Hewa ikawa na unyevu, na chumvi yetu ikaanza kulia. Jumatano asubuhi niliikuta imekuwa uji.

Bwana Mawe akaitazama, akasema, "Chumvi hii ina kiu." Akapanda lori kwenda Tunduma kuulizia kifurushi chake. Akaniambia nifunike kikombe, nisubiri.

Nikafunika. Nikasubiri labda nusu saa.

Kisha nikawaza: chumvi inalia, na mimi mtu wa Ivuna nimekaa naitazama? Mama angenicheka.

Nikaimimina kwenye bakuli la kaure, nikawasha makaa, nikaanza kuikaanga taratibu kama nilivyofundishwa. Maji yakatoka kwanza, mvuke wa kawaida. Baadaye ukaja moshi mwingine, mkali, unachoma pua na macho kama pilipili iliyoangukia motoni. Chumvi ya nyumbani haina moshi huo. Mtu mwenye akili angeacha.

Mimi nilifunga kanga puani nikaendelea.

Baada ya muda wa saa tatu nilikuwa na unga mkavu, mweupe, hauna hata dalili ya chozi. Nilijiona mkemia.

Kambini palikuwa na fundi mmoja wa Kinyiha kutoka Mbozi, Mzee Nzowa. Kazi yake ilikuwa kunoa patasi za wavunja mawe na kuziba ndoo zinazovuja. Alikuwa na mivukuto yake ya kupulizia moto, jiko lake, na maneno yake. Kila nilipopita alikuwa na la kusema. Siku hiyo nilimpitia nikiwa na bakuli mkononi, nimejaa fahari.

"We Namwinga," akasema, "umelilia nini hadi macho yamekuwa mekundu? Posa?"

"Nimekausha chumvi ya Bwana, baba. Imemshinda yeye, mimi nimeiweza."

"Ninyi Wanyamwanga kazi yenu kuvuka mpaka na kujisifu. Hebu nione kama ni chumvi kweli."

Nikachukua kikombe cha maji, nikatia chembe kidogo ili ayeyuke yeye kwa aibu.

Unga ukazama. Ukakaa chini.

Nikakoroga. Ukazunguka, ukatulia tena chini kama mchanga.

Nikatia maji mengine. Vilevile.

Mzee Nzowa akaangalia kikombe, akaniangalia mimi, na safari hii hakutania. "Chumvi isiyoyeyuka," akasema taratibu, "hiyo umeipeleka wapi, mwanangu?"

Miezi miwili ya kazi. Barua.

Alinionea huruma, akavuta kigoda. "Sikiliza. Sema mvua iliingia hemani, ikaloanisha, wewe ukakuta imeharibika. Mvua haina ndugu wa kuitetea."

Wakuu, nisiwadanganye kwamba nilikataa mara moja. Nililifikiria wazo hilo kuanzia jua la utosini mpaka niliposikia lori linapanda kilima. Niliandaa hata sehemu ya hema ya kuonyesha palipovuja.

Lakini nilipomwona Bwana Mawe bado yuko juu ya lori, mikono mitupu, kifurushi hakuna, uso umechoka, uongo wote ulinikauka mdomoni. Nikasema palepale, chini ya mlango wa lori: "Bwana, nimeikaanga chumvi. Nimeiharibu. Si mvua."

Hakuelewa kwa nini nilitaja mvua. Akashuka, akaenda hemani, akatia unga kidogo kwenye maji kama nilivyofanya mimi. Ukakaa chini vilevile.

Kisha badala ya kunifukuza akafanya jambo ambalo nimelifanya mimi kwa wanafunzi maisha yangu yote baada ya hapo. Akavuta karatasi akanieleza nilichokifanya.

Nami nawaeleza ninyi, polepole, ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Maji yaliyomo ndani ya chumvi ile ni kama mgeni aliyelala kwako. Kwenye chumvi ya mama, ukimfukuza mgeni kwa moto, anaondoka na chake tu. Lakini madini haya yanashikana na oksijeni kwa nguvu kuliko yanavyoshikana na klorini. Maji yana oksijeni ndani yake. Kwa hiyo ukiyafukuza kwa moto, mgeni anaondoka na shuka zako na kukuachia viatu vyake. Klorini inatoka na hidrojeni ya maji, na huo ndio moshi ulionichoma macho, ni asidi ile ile tuliyolowekea mawe. Oksijeni inabaki.

Kilichobaki si kloridi tena. Ni oksikloridi, kiumbe nusu na nusu. Hakiyeyuki kwenye maji, na kwenye moto wa kawaida hakigeuki kimiminika. Huwezi kukipitisha umeme ukapata chuma. Unapata matope.

"Inaweza kurudi?" nikauliza.

"Kwa asidi, sehemu kubwa inarudi," akasema. "Asidi tunayo chupa moja. Lakini baada ya hapo tutarudi pale pale. Bila kile kitu nilichoagiza, nitaikausha mimi, na itaharibika kwa mkono wangu badala ya wako."

Ndipo kwa mara ya kwanza nikauliza swali ambalo ningeuliza wiki sita nyuma. "Hicho kitu kikoje?"

Akasema ni cheupe, kama donge la chumvi. Ukikipasha moto hakiyeyuki, kinageuka moja kwa moja kuwa moshi mweupe mzito.

Nikainuka. Nilikuwa nimeuona moshi huo. Nilikuwa nauona kila siku.

Mafundi wa bati mnaonisoma mmeshanielewa. Kabla ya kulehemu, Mzee Nzowa alipasha moto chuma chake cha kulehemu, akakisugua kwenye donge jeupe alilolificha kwenye kopo, na moshi mweupe ukaruka. Chuma kilitoka kinang'aa. Yeye alikiita dawa ya bati.

Yaani kitu kilichoandikiwa Dar es Salaam mara mbili kilikuwa hatua arobaini kutoka hemani, kwenye kopo la fundi. Bwana alikijua kwa jina la kitabuni, fundi alikijua kwa jina la kazini, na mimi niliyewajua wote wawili nilikuwa naandika vibandiko.

Nikamkimbilia Mzee Nzowa. Akafunika kopo kwa mkono.

"Dawa ya ufundi haiombwi na binti anayehema," akasema. "Na haichukuliwi na mtu ambaye hajawahi kunisalimu. Huyo Bwana wako miezi yote hii ananipa patasi kupitia kwa dereva, kama mimi ni shimo la kutupia vyuma. Akiitaka aje. Aje kama watu wanavyokuja kwa fundi."

Wasiotoka kwetu niwaeleze: kwa mtu mzima unayemheshimu unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, ndipo unasema shida yako.

Nikarudi nikamweleza Bwana Mawe. Nilidhani atakasirika. Akauliza tu, "Makofi mangapi?"

Akaenda. Akachuchumaa mbele ya jiko la fundi, magoti yake marefu yamefika masikioni, akapiga makofi. Lakini alipiga kwa nguvu na haraka, kama watu wanaoshangilia mpira.

Mzee Nzowa akajikaza, akajikaza, mwisho akacheka hadi akashika nguzo ya kibanda. "Mwambie asimame kabla hajavunjika," akaniambia. Akafunua kopo. "Ila mivukuto naivuta mimi. Na hicho chuma kikitoka, wa kwanza kukipiga tupa ni mimi."

Bwana Mawe akakwangua kidogo, akachanganya na chokaa yenye maji kiganjani, akanusa. Ikatoa harufu ya mkojo wa kale uliokaa zizini. Akatabasamu kama mtu aliyenusa pilau. Ndicho chenyewe. Kemia inakiita kloridi ya amonia.

Sasa kazi yake ni hii. Ukiichanganya kwa wingi na chumvi yetu kabla ya kukausha, moto unapopanda nayo inatoa klorini yake kwa wingi. Mgeni anapotaka kuondoka na shuka, anakuta nyumba imejaa shuka. Ikichukuliwa moja, nyingine inawekwa mahali pake. Maji yanaondoka, klorini inabaki na madini, na dawa ya bati yenyewe mwishoni inapaa kama moshi, haiachi kitu nyuma. Ni msaidizi anayeondoka bila kudai sifa.

Alhamisi tukarudisha unga wangu kwenye asidi ya moto. Sehemu haikurudi kamwe, ilikuwa imeshageuka oksidi, ya manjano hafifu, imekaa chini ya bakuli inanitazama. Kadiri ya robo. Iliyobaki ikatosha. Kopo la Mzee Nzowa likaisha lote.

Tukakausha siku nzima. Mimi ndiye niliyekoroga. Bwana Mawe alikataa kushika kijiko, akasema, "Wewe unajua kukaanga." Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kitu kingine, nikatia chembe moja kwenye maji. Ikayeyuka ikatoweka. Mzee Nzowa akasema, "Sasa hiyo ni chumvi," akaenda kuwasha jiko.

Alikuwa amefua kikombe kidogo cha chuma. Tukaweka chumvi yetu pamoja na chumvi kidogo ya Ivuna, maana zikichanganywa huyeyuka mapema zaidi. Mivukuto ikavuma, na mchanganyiko ukawa kimiminika safi kama maji, huku kikombe kimeiva chekundu. Tukachomeka kijiti cha makaa kilichotolewa kwenye betri ya tochi. Waya mmoja kwenye kijiti, mwingine kwenye kikombe, na betri mbili za lori. Harufu ya klorini ikaja, tukahamia upande unakotoka upepo.

Mchana tukaacha kipoe. Mzee Nzowa akavunja yaliyoganda kwa nyundo.

Chini kulikuwa na punje ya chuma, ya kijivu, kubwa kama harage.

Akaishika kwa koleo, akachukua tupa, akanitazama. "Ikiwa haitoi moto, tunarudi kwenye habari ya mvua," akasema. Akakwangua.

Cheche zikaruka hadi kwenye ndevu zake. Akakwangua tena. Akakataa kuitoa mkononi hadi jioni. Kila mvunja mawe aliyepita aliitwa aone.

Wakubwa walikuja Jumamosi. Mmoja aliwashia kiko chake kwa cheche ile, wakacheka, wakapimapima, wakasema kilima kiko mbali mno na barabara. Wiki mbili baadaye kambi ikavunjwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sitawapambia.

Siku ya kuondoka Bwana Mawe alinipa bahasha iliyofungwa, akaniambia niipeleke chuoni mwenyewe. Sikuifungua, ingawa njia nzima niliishika kwenye mwanga wa jua kujaribu kusoma.

Mkuu wa chuo, sista mmoja mkali, aliisoma. Halafu akaisoma tena. Halafu akaniuliza kama najua kilichoandikwa. Nikasema hapana.

Akanitafsiria kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi. Sikuona humo kwamba mimi ni hodari, wala mtiifu, wala kwamba sivunji vioo. Ilisema: "Binti huyu aliharibu kazi yangu ya miezi miwili kwa asubuhi moja, na aliniambia kabla sijashuka kwenye lori. Mengine yote anaweza kufundishwa."

Sista akakunja karatasi. "Utaanza Jumatatu," akasema.

Nilifundisha sayansi hadi nilipostaafu, wakuu. Somo nililolitoa pale ni hili: kujua kwako kwa nyumbani ni mali, usiionee aibu, lakini kabla hujaitumia kwenye jambo geni uliza jambo hilo lina tabia gani. Na pale moshi usioujua unapokuchoma macho, toa bakuli motoni. Ukishaharibu, sema mapema, wakati asidi bado ipo chupani.

Sasa nawasikiliza ninyi. Wakemia, nirekebisheni nilipokosea, sitanuna. Watu wa Ivuna na Momba, niambieni kama mama zenu bado wanakaanga chumvi inayolia. Na mafundi wa bati, lile donge jeupe ninyi mnaliitaje?